Usiku wa La Fenice

Usiku wa tarehe 6 Machi 1853, katika jumba la La Fenice mjini Venice, opera ya La traviata iliimbwa mbele ya kadamnasi kwa mara ya kwanza, ikaanguka. Na mtungaji wake, Giuseppe Verdi, kulipokucha aliwaandikia rafiki zake barua fupi za kuwapa habari ya maanguko hayo, akiuliza kama taksiri ilikuwa yake au ya waimbaji, na hukumu akaiachia zama. Zama zimekwisha kumtoa Verdi katika lawama. Lakini lawama hiyo, ilipoondoka juu yake, ilikwenda kumwelemea mtu ambaye, nikiipima kesi hii kwa insafu, naona hakustahili kuibeba, naye ni Fanny Salvini-Donatelli, aliyeimba sehemu ya Violetta.

Masimulizi husema kwamba bibi huyu, mnene wa mwili na aliyekaribia umri wa miaka 40, hakuweza kumsadikisha mtu kwamba, akiwa Violetta, anakufa kwa kifua kikuu, hata watu wakacheka katika kitendo cha tatu, palipopasa kulia. Verdi mwenyewe alimtilia shaka tangu mapema, akataka aletwe mwingine, asikubaliwe. Haya siyakanushi. Ila natuutazame mwendo wa usiku wenyewe. Kitendo cha kwanza ni milki ya Violetta: ndiye mwenye karamu, na ndiye anayekifunga kwa wimbo mrefu ambao sauti yake hupanda na kuteremka kwa wepesi unaowatia hofu waimbaji hata leo, na katika kitendo hicho watu walishangilia, bibi akasifiwa. Je, unene wake walikuwa hawajauona?

Balaa ilianza kitendo cha pili, wanaume walipoushika mchezo. Lodovico Graziani, aliyemwimba Alfredo, mpenzi wa Violetta, sauti ilikuwa imemkauka. Felice Varesi, aliyemwimba baba yake Alfredo, ndiye yule yule aliyekuwa, katika opera za Verdi, Macbeth wa kwanza mwaka 1847 na Rigoletto wa kwanza mwaka 1851, lakini sauti yake ilikwisha chakaa, na sehemu hii aliiona duni kwa hadhi yake. Kosa kubwa la usiku ule, kwa maoni yangu, liko hapo. Kwani mazungumzo ya mzee huyu na Violetta, anapomsihi amwache mwanawe ili ndoa ya binti yake isivunjike, ndiyo moyo wa opera yote: mzee akiimba kwa uzito na huruma, twafahamu kwa nini mwanamke yule akubali kuitoa kafara furaha yake ya pekee, akiimba kwa uchovu na kinyongo, kafara hiyo yageuka upumbavu, na yote yafuatayo, hata mauti yake, hayana tena sababu ya kututoa machozi.

Tarehe 6 Mei 1854, mumo humo Venice, katika jumba la San Benedetto, opera hii iliimbwa tena, Verdi akiwa amerekebisha baadhi ya mahali, na mazungumzo hayo yakiwamo, ikapokewa kwa shangwe kubwa. Aghalabu ushindi huo huhesabiwa wa Maria Spezia, Violetta mpya, naye alistahili. Lakini baba, usiku huo, hakuwa Varesi tena, alikuwa Filippo Coletti. Basi katika santuri tutakayoipiga punde hivi, itegeeni sikio sauti ya mzee kwanza, ndipo mmhukumu bibi.