Madoa ya Maji Magumu Katika Vioo vya Magari ya Vyama

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu na wanachama waliokutana Nyakanazi, wilayani Biharamulo.



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya utunzaji wa mali ya chama. Mali hiyo ni nyingi, na muda niliopewa ni nusu saa. Kwa hiyo nimeona heri nichague kitu kimoja tu, ambacho wengi wenu mmekipita asubuhi hii hapo nje bila kukitazama. Nacho ni kioo cha mbele cha lori.

Kiangazi cha mwaka juzi niliomba nafasi katika lori la chama kimoja lililokuwa likitoka Ushirombo na mbolea. Chama chenyewe sitakitaja, maana kosa nitakalolieleza halikuwa la ukorofi wala la wizi. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili kasoro jioni, nasi tulikuwa tumekaribia hapa Nyakanazi. Ninyi mnaijua njia ile: yaelekea machweo, na saa hiyo jua humkabili dereva usoni. Tulipopanda kilima kidogo na kutokeza upande wa pili, kioo chote kiligeuka cheupe, kana kwamba mtu ametumwagia maziwa kwa nje. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori liliposimama tuliona mbele yetu, hatua zisizozidi nne, baiskeli iliyopakiwa mikungu miwili ya ndizi, na kijana akiisukuma. Naye hakugeuka hata kutazama. Aliendelea na safari yake.

Dereva yule ni mtu mzima, hanywi pombe, wala hana sifa ya kukimbiza gari. Nilipomwuliza, alinijibu, "Bwana Mkaguzi, asubuhi kioo hiki hakina neno. Jioni ndipo kinaponifumba macho. Na usiku taa za malori yanayotoka Rusumo zikinipiga, huwa naendesha kwa kukisia."

Siku ya pili nilifika ofisini kwao kwa kazi yangu ya kawaida. Katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano nikakuta azimio la kununua kioo kipya cha mbele, na fedha zenyewe zitolewe katika fungu lililokuwa limetengwa kwa bati za ghala. Ghala hilo lilikuwa likivuja juu ya mahindi ya wanachama. Kwa hakika halmashauri ilikuwa imefikishwa mahali pabaya: ama dereva asione, ama mahindi yaoze. Niliwaomba wangoje siku tatu kabla ya kutia sahihi hundi. Nilitaka kwanza kujua kioo kile kina ugonjwa gani.

Yafaa tuelewe jambo lenyewe. Maji ya mvua yanapodondoka hayana chokaa ndani yake. Yanapozama ardhini hupita katika miamba na udongo, na humo huyeyusha madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye wingi wa madini hayo ndiyo tuyaitayo maji magumu. Mama nyumbani huyatambua upesi kuliko mkaguzi: sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika la chai hufanya ukoko mweupe ndani. Ukoko ule wa birika na doa lile la kioo cha gari ni ndugu wa baba mmoja. Tone likikauka juu ya kioo, maji huenda zake hewani, lakini chokaa haina mahali pa kwenda, hubaki. Kesho tone jingine huanguka palepale na kuongeza tabaka. Asubuhi, mwanga ukitoka nyuma ya dereva, tabaka hilo halionekani. Jioni, mwanga ukija kutoka mbele, kila chembe huutawanya, na ndipo pazia lile jeupe hutokea.

Nilizunguka ua wa chama kutafuta maji hayo yalikotoka. Lori lilikuwa likiegeshwa kila siku mahali pamoja, pua yake ikiwa chini ya tangi kubwa lililojazwa kwa pampu kutoka kisima kirefu. Tangi likijaa, maji ya ziada yalitoka kwa bomba la juu na kurukia kioo. Hivyo kila jioni kioo kiliogeshwa maji ya kisima, na kila asubuhi jua likayakausha. Hakuna aliyeliona hilo kuwa neno. Wengine walidhani ni faida, kwamba gari linaoshwa bure.

Sasa nije kwenye tiba. Chokaa huyeyushwa na kitu kichachu. Siki ya dukani yafaa, na maji ya ndimu au limau yafaa vilevile, nayo ndimu hupatikana sokoni hata mahali ambapo siki haipatikani. Lakini kabla ya kutia uchachu wowote, oshwe kwanza vumbi. Hili nalisisitiza kwa kuwa vumbi letu jekundu lina mchanga ndani yake, na mchanga hukwaruza kioo. Gari liwekwe kivulini, kioo kiwe kimepoa, maji yamwagwe kwa wingi, sabuni ipakwe kwa kitambaa laini, kisha kioo kisuuzwe mpaka maji yanayoshuka yawe safi.

Baada ya hapo, chukueni kitambaa cha pamba, hata shati kuukuu lisilo na vifungo, mkiloweshe kwa siki au kwa maji ya ndimu yaliyochujwa mbegu, mkilaze juu ya doa. Kioo cha lori kimesimama wima, lakini kitambaa kikilowa vizuri hushika. Kiacheni robo saa, na katika muda huo kisiachwe kikauke. Kiongezewe uchachu kila kinapoelekea kukauka. Hapa ndipo wengi hukosea. Hupaka siki, husugua mara mbili tatu, hufuta, kisha husema dawa haifai. Chokaa ya miezi mingi haiondoki kwa dakika moja. Hutaka muda zaidi kuliko nguvu za mkono. Kitambaa kikiondolewa, sugueni kwa kipande cha ndimu iliyokatwa, suuzeni, kausheni kwa kitambaa kingine, kisha mtazame kioo kwa kukielekeza kwenye mwanga. Kama ukungu umepungua, rudieni. Lori lile tulilirudia mara nne kwa siku mbili.

Doa sugu lililobaki laweza kusuguliwa kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, kidogo, juu ya kitambaa chenye maji, kwa mzunguko mwepesi. Magadi ya kuokea mikate nayo yaweza kutumika kwa namna hiyo hiyo. Ila msichanganye magadi na siki katika bakuli moja. Najua povu lile huwafurahisha watu, hudhani ni nguvu ya dawa. Kumbe vitu hivyo viwili vinauana, na kinachobaki ni karibu na maji matupu. Majivu ya jikoni ni hivyo hivyo, huua uchachu wa ndimu, tena yana chembe ngumu.

Na hapa hapana budi niungame. Nilipokuwa kijana katika kituo changu cha kwanza, nilikabidhiwa gari dogo lenye madoa kama haya. Mama yangu alikuwa akisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka zikang'aa kama kioo, nami nikaona kwamba kinachong'arisha sufuria kitang'arisha na kioo chenyewe. Nilisugua asubuhi nzima kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Madoa yalitoka kweli. Badala yake ikabaki mikwaruzo elfu, na gari lile halikuendeshwa tena usiku mpaka liliponunuliwa kioo kingine. Sikuambiwa neno, lakini sikulisahau. Kwa hiyo ninapomkuta utingo ameshika mchanga, au ile stili waya ya kusugulia sufuria, humpokonya kwanza, salamu baadaye.

Ziko pia hatari zinazopita mikwaruzo. Nimesikia ushauri wa kutumia maji ya betri. Maji hayo ni tindikali kali ya salfa. Huunguza ngozi, macho na rangi ya gari. Tena hayafai hata kwa kazi yenyewe, kwani yakikutana na chokaa hufanya ukoko mwingine, jamii ya jasi, usioyeyuka kwa urahisi katika maji. Mtakuwa mmeondoa doa moja na kuweka jingine. Kadhalika, ziko dawa za kuoshea zenye tindikali ya floridi. Hiyo hula kioo chenyewe, na ikimgusa mtu hupenya ngozi na kuingia mpaka mfupani, pengine bila maumivu makali mwanzoni. Dawa isiyo na maandishi yanayosomeka juu ya chupa isinunuliwe kwa fedha za wanachama. Tena siki au ndimu isichanganywe kamwe na jiki, maana hutoa hewa ya klorini inayodhuru mapafu. Hata siki peke yake isiachwe juu ya rangi ya gari au mipira ya kioo. Mkimaliza, mwageni maji mengi.

Pengine mtauliza: tutajuaje kama kioo bado kinatibika? Pitisheni ukucha juu ya doa. Ukucha ukikwama kidogo, kama juu ya ukoko, basi lipo juu ya kioo na lina tumaini. Kama kioo ni laini kabisa chini ya ukucha, nanyi mmekwisha kulaza kitambaa mara kadhaa bila mabadiliko, yaelekea kioo chenyewe kimeliwa. Maji yanayotiririka juu ya saruji mpya hufanya hivyo yakiachwa kwa muda mrefu. Hata maji ya mvua, ambayo nimeyasifu, yakipita juu ya ukuta uliopigwa lipu juzi huchukua chokaa kali. Basi msiegeshe gari chini ya ukuta kama huo. Kioo kilicholiwa huhitaji fundi mwenye unga maalumu wa kung'arishia vioo, na kama ubovu upo mbele ya macho ya dereva, nunueni kipya bila kuona haya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuingia barabarani na gari bovu kwa sababu ya kubana matumizi, wala mimi sitaandika katika taarifa yangu kwamba chama kimefuja fedha kwa kumpa dereva macho. Ninachokataa ni kununua kabla ya kujaribu.

Kioo cha lori lile hakikupona chote. Upande wa abiria, chini, ilibaki mikwaruzo yenye umbo la upinde. Utingo alisema hajui ilikotoka, dereva akatazama pembeni. Upande wa dereva ulitakata. Jioni ya siku ya tatu tulilipeleka lori barabarani, tukalielekeza machweo kwa makusudi, mimi nikiwa nimekaa palepale nilipokaa siku ile. Niliona barabara, nikaona ukingo wa barabara, nikaona mbuzi wawili mbali wakivuka.

Juu ya kuzuia nina machache. Bomba la tangi lilielekezwa upande wa bustani, na kazi hiyo ilimchukua fundi chini ya saa moja. Lori likioshwa kwa maji ya kisima, lisioshwe saa sita jua likiwaka, na vioo vikaushwe kwa kitambaa kabla havijajikausha vyenyewe. Katika chupa ya maji ya waipa tieni maji ya mvua. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo mapipa huwa matupu, chemsheni maji ya kisima, yaacheni yatulie usiku kucha, kisha mmimine ya juu polepole. Kuchemsha hushusha sehemu kubwa ya chokaa chini, ingawa si madini yote. Mpira wa waipa uliochakaa nao ubadilishwe, kwani hubeba mchanga na kuuburura huku na huku juu ya kioo kila mvua inaponyesha.

Jambo la mwisho ni la hesabu, na nimeliweka kwa sababu katibu wa chama kile aliniuliza, nami niliona ni swali zuri. Aliuliza: ndimu ziandikwe wapi? Daftari lake lilikuwa na fungu la mafuta, fungu la matairi, fungu la posho, lakini hapakuwa na ndimu. Nilimjibu kwamba ziandikwe katika matengenezo ya gari. Na kwa kuwa mama auzaye ndimu sokoni hana kitabu cha stakabadhi, katibu aandike hati ya malipo, mama huyo atie sahihi au dole gumba, na dereva awe shahidi. Nilipolifungua tena daftari lile mwezi uliofuata niliikuta hati hiyo imepangwa mahali pake: ndimu 30, siki chupa 2. Katika kitabu cha kumbukumbu, azimio la kununua kioo lilikuwa limetenguliwa na mkutano wa halmashauri. Nilipotoka nje, mafundi walikuwa juu ya ghala, wakipigilia bati za mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, lori lililoegeshwa hapo nje karibu na mlango nimekwisha kulipitishia ukucha. Mwenye nalo anione kabla hajaondoka, ndimu ninazo.