Mlio Wakati wa Kuondoka

Ninyi mlio na Biblia karibu, fungueni Zaburi ya 139, mistari miwili ya mwisho, na kuiacha wazi. Kwanza nataka kuwasimulia habari ya pikapu.

Parokia yetu ilikuwa na pikapu kuukuu ya gia za mkono. Ilitupeleka mazishini, ilibeba simiti, ilibeba kwaya. Siku moja nikaanza kusikia mlio. Kila nilipotia gia ya kwanza na kuachilia klachi ili niondoke, chini ya gari kulilia "tak!" Mara moja tu. Gari likisha kushika mwendo, kimya.

Mke wangu alisikia kabla yangu. Akasema, "Baba, gari hili lina neno." Nikamjibu kwamba ni barabara mbaya. Tangu siku hiyo nikajizoeza kuachilia klachi polepole sana, nikaondoka kama mtu aliyebeba mayai, na mlio ukapungua. Nikajiona dereva hodari.

Watu walinishauri mengi. Mmoja alisema klachi imekwisha, mwingine giaboksi. Mwishowe nilimwendea fundi mmoja mzee, naye hakushika spana. Aliketi juu ya tairi akaniuliza maswali kama daktari. "Mchungaji, gari likiwa limesimama, ukikanyaga klachi, linalia?" La. Basi si beringi ya klachi, akasema, maana hiyo hulia ikikanyagwa. "Je, ukiwa huna gia, mguu umeuondoa, kuna mngurumo unaokatika ukikanyaga?" La. Basi beringi ya giaboksi nayo haina hatia. "Gari hutetemeka lote likiondoka?" Halitetemeki. Kama lingetetemeka, angetazama kama oili imeingia kwenye sahani ya klachi, au kama mipira inayoshika injini imekatika.

Halafu akaniambia niendeshe, naye akatembea kando, mkono sikioni. "Wewe uliye ndani husikii vizuri," alisema. "Injini inakuzuia." Nikaondoka kwa ule ustaarabu wangu wa mayai. Akapiga bodi kofi. "Sivyo, Mchungaji! Ondoka kama unavyoondoka mlimani ukiwa na mzigo!"

"Tak!"

Tukazima injini, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaingia chini. Akashika propela, ile shafti ndefu ipelekayo nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, akaipindisha huku na huku. Akaniita nami nilale chini nitazame. Propela ina viungo vyenye umbo la msalaba, na kile cha mbele kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Pembeni yake palikuwa na vumbi jekundu, kutu ya chuma kikavu kinachosagana na chuma. Injini ikizunguka bure, kiungo hicho hakina kazi, hakisemi neno. Husema pale nguvu inapokifikia kwa ghafula. Fundi akauliza kilitiwa grisi lini. Sikuwa na jibu. Akasema kiungo cha mbele kikikatika njiani, ncha ya propela yaweza kuanguka ikachoma barabara, na gari likapinduka.

Nikakumbuka Jumamosi iliyotangulia. Nilikuwa nimeteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, zile kona mnazozijua ninyi watu wa Taita, na nyuma walikuwamo akina mama 11 wa Mothers' Union, wakiimba.

Sasa niwaambie lile ambalo fundi hakuliona. Halmashauri ya kanisa ilikuwa imenipa fedha za kutengeneza gari lile miezi 2 kabla ya siku hiyo. Nilizilipia karo ya mwanangu, nikisema moyoni kwamba nitazirudisha mshahara ukija. Mshahara ulikuja, ukaenda. Ndiyo sababu nilisema ni barabara. Kama ningekubali kwamba gari ni bovu, mweka hazina angeniuliza, "Na zile fedha?" Masikio yangu hayakuwa na ugonjwa wowote. Niliposimama mimbarani nilikuwa sawa kabisa, nikahubiri, nikabatiza. Lakini kila mweka hazina alipofungua kitabu chake cha hesabu, ndani yangu kulilia "tak", nami nikageuza mazungumzo polepole, kwa ustaarabu.

Daudi naye, baada ya habari ya Bathsheba na Uria, aliendelea kuketi katika kiti chake. Hata aliamua kesi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake, akaiamua kwa ukali mwingi, asijue kwamba ni kesi yake mwenyewe. Ilimbidi Nathani aje, mtu wa kutembea kando na kusikiliza. Sasa tazameni ile Zaburi iliyo wazi mbele yenu. Daudi hasemi kwamba amejichunguza. Anaomba achunguzwe na mwingine. Nimeihubiri Zaburi hiyo mara nyingi, lakini jambo hilo nililiona nikiwa nimelala chini ya pikapu.

Nililiacha gari kwa fundi, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mweka hazina. Alikuwa anakula. Alinisikiliza, akanawa mikono, akasema, "Kesho kutwa kuna kikao. Utawaambia wewe, Mchungaji, si mimi." Niliwaambia. Kiungo kipya kilinunuliwa, nami nikalipa deni langu kwa miezi 6. Mzee mmoja wa halmashauri alikaa mwaka mzima asinipe mkono baada ya ibada, nami sikumlaumu.

Tuombe. Ee Bwana, wako wanaotusikiliza huku wakiwasha magari yao, na wako walioambiwa neno na mke, au mume, au mtoto, wakajibu kwamba ni barabara. Wape leo mtu wa kutembea kando yao. Walinde akina mama walio safarini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.