Takataka katika Kundi la Simu



Leo tutazungumza juu ya makundi yetu ya WhatsApp. Siku hizi kikundi cha kuweka na kukopa kina kundi lake, kamati ya maji ina lake, wazazi wa shule wana lao. Ni jambo jema. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani anasoma taarifa ya kikao akiwa shambani, wala hamwombi mtoto amsomee.

Lakini takataka nazo zimeingia. Unafungua simu utafute siku ya mkutano, unakuta: "Pata bando la bure, bonyeza hapa." Chini yake, mkopo usio na dhamana. Chini yake tena, "Tuma kwa watu 10 upate baraka." Taarifa ya mkutano imefunikwa. Salamu za maua za kila asubuhi nazo zinajaza simu, ila hizo tuziache, wenyewe wasije wakatununia.

Je, kwa nini watumaji hawa hawachoki? Kwa sababu kutuma kwa watu 1,000 hakuwagharimu sana. Watu 999 wakikataa na mmoja akanasa, wamepata faida. Tena wanapenda ujumbe wao upitie mikononi mwetu, maana ukitoka kwa shemeji au jirani tunauamini.

Basi tujifunze kusoma alama. Ujumbe uliopita kwa watu wengi huwekewa mishale miwili juu yake. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa namna hiyo unapelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Mishale hiyo haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema kwamba jirani aliyeileta hakuiandika yeye. Muulize ameitoa wapi.

Sasa tuje kwenye fedha. Kundi la hisa likipata ujumbe, "Mweka hazina amebadili namba, tumeni hisa za wiki hii hapa," msitume hata shilingi moja. Mfuateni nyumbani, au mpigieni kwa namba yake ya zamani mumsikie mwenyewe. Huenda mwizi anaandika kwa jina lake. Watu hulaghaiwa wakataja zile tarakimu 6 zinazoletwa na WhatsApp, na mwizi akaingia katika makundi yao yote. Tarakimu hizo hapewi mtu, hata akijiita ofisa.

Kiongozi wa kundi naye asinyamaze. Tangu 2022 anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Aubonyeze ujumbe na kuushikilia, aguse picha ya debe la taka, achague kuufuta kwa wote. Kama ni namba ya mgeni, aiondoe kundini. Kama ni mwanakijiji, aongee naye kwanza pembeni, kwani wengi hutuma kwa kutojua.

Nasi wanachama, tusiupeleke ujumbe ule kundi jingine tukisema "Jihadharini!" Hapo tunamsaidia mtumaji kazi. Tusimjibu wala kumtukana. Akijibiwa anajua namba yetu ina mtu.

Namba ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Tunaomba viongozi waiandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kwa herufi kubwa.