Juliane Köhler, kutoka jukwaa la Ujerumani hadi Bonde la Ufa

Juliane Köhler alizaliwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1965. Alisomea uigizaji New York kwa mwalimu mashuhuri Uta Hagen, kisha akarudi nyumbani kufanya kazi ya jukwaani, Hannover kwanza, baadaye Munich. Mwaka 1999 filamu ya Aimée & Jaguar ilimpa yeye na mwenzake Maria Schrader tuzo ya Berlin ya mwigizaji bora wa kike.

Lakini kwa Wakenya, kazi yake kubwa ni Nirgendwo in Afrika ya 2001, iliyopigwa hapa nchini. Humo ni Jettel, Myahudi anayewakimbia Wanazi mwaka 1938 hadi shamba la Rongai, upande wa Nakuru, si mbali na barabara ya kwenda Eldoret. Mumewe alimwagiza alete friji. Yeye akanunua gauni la sherehe. Köhler anambadilisha Jettel taratibu, kutoka mke mwenye kiburi hadi mkulima asiyetaka kuondoka. Mpishi Owuor aliigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, tena kwa ustadi usiopungua wa Köhler. Filamu hiyo ilishinda Oscar mwaka 2003. Mwaka uliofuata, Köhler alionekana katika Der Untergang kama Eva Braun, mke wa Hitler.