Chuo cha Udaktari na Azma ya Ubingwa

Kijana aliyefaulu fizikia, kemia na baiolojia, naye ametia nia ya kuwa bingwa wa upasuaji wa moyo au wa ubongo, aghalabu huuliza jina la chuo kabla hajauliza lililo kubwa zaidi, yaani hospitali ipi imeungana na chuo hicho; kwani tabibu hufundwa wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa, wala si darasani peke yake.

Hospitali ya Muhimbili, iliyoanza kufundisha udaktari mwaka 1963, imepakana na Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo cha kufundishia maradhi ya ngozi tangu 1992. Na Bugando, nayo ni hospitali ya kufundishia, iko Mwanza. Amma shahada ya kwanza ni miaka 5, hufuatiwa na mwaka 1 wa mazoezi ya kazi, ndipo huja ubingwa, aghalabu miaka 3, nao waweza kusomwa katika chuo kingine kabisa. Kwa hiyo mzazi anayewaza kuuza shamba la kahawa kwa ajili ya sifa ya chuo cha ng'ambo, mimi naona anaharakisha.

Kwanza kijana na aombe idhini katika hospitali ya Litembo au ya Peramiho, likizo moja tu, aushuhudie usiku wa wodini. Huenda azma ikageuka, wala si aibu.