Kununua Shamba, na Kumchagua Wakili



Leo nataka kusema nanyi habari za kununua ardhi hapa Kenya. Wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu hutoka pande nyingi, na kila muhula baadhi ya wazazi wao hunijia na maswali, kana kwamba mtu afundishaye hesabu hana budi kuijua na sheria. Mimi si wakili. Lakini maswali yenyewe huwa ni yale yale, nami nimeyatafutia majibu katika sheria zilizochapwa na kwa watu wenye kazi hiyo.

Mmoja huuliza: "Mwalimu, muuzaji ni jirani yangu tangu utoto. Tumepeana mikono mbele ya wazee, na fedha nimempa. Je, haitoshi?" Haitoshi. Sheria ya Kenya yasema kwamba hakuna awezaye kushtaki kwa mapatano ya kuuza ardhi ila yawe yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo ilipotiwa. Kupeana mikono ni adabu njema, na wazee ni mashahidi wazuri wa tabia ya mtu. Lakini jirani akifa mwezi ujao, wanawe hawatakuwa na habari ya mkono huo.

Mwingine huja na hati mkononi, ina muhuri na namba, auliza kama ni ya kweli. Mimi humjibu kwamba hati ni karatasi tu. Habari za ardhi zimo katika daftari ya msajili. Basi aende afisi ya ardhi akaombe upekuzi, ambao watu wa mjini huuita sachi. Mahali pengine, kama Nairobi, upekuzi waweza kufanywa kwa mtandao wa Serikali uitwao Ardhisasa, ulioanzishwa mwaka 2021. Daftari ina sehemu tatu. Ya kwanza yaeleza ardhi yenyewe na ukubwa wake; ya pili yamtaja mwenye ardhi; ya tatu yaonyesha mizigo iliyo juu yake, kama rehani ya benki, au tahadhari iliyowekwa na mtu mwenye madai, au amri ya korti. Hiyo ya tatu isome mara mbili. Tena upekuzi urudiwe siku chache kabla ya kumaliza kulipa, maana rehani yaweza kuingia katika daftari baada ya upekuzi wa kwanza.

Kisha nenda shambani kwa miguu yako. Mchukue mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe mawe ya mpaka, ayalinganishe na ramani. Wako watu walionunua namba moja, wakaonyeshwa shamba la namba nyingine. Na majirani waulizwe, hasa akina mama walimao karibu, kwa kuwa wao hujua ni nani aliyelima pale miaka yote.

Lakini je, daftari ikiwa safi, mtu yu salama kabisa? Sikilizeni habari hii ya Mombasa. Kiwanja karibu na pwani kiligawiwa mtu mwaka 1989, baadaye kikauzwa, na mwaka 2006 kikanunuliwa na kampuni iitwayo Dina Management. Kampuni ilikuwa na hati. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikauvunja ukuta wake ili kufungua njia ya kwenda baharini. Kesi ikapanda hata ikafika Mahakama ya Juu, nayo mwezi wa Aprili 2023 ikaamua kwamba ardhi ile ilikuwa ya watu wote, na ugawaji wa kwanza haukufuata sheria. Kwa hiyo hata aliyenunua baadaye hakupata kitu. Tangu hapo wakili mwangalifu hatazami jina la mwenye ardhi wa leo peke yake. Hurudi nyuma aone ardhi hiyo ilitokaje mikononi mwa umma, na kwa karatasi zipi.

Sasa nafikia jambo linaloleta machozi mengi vijijini, nalo ni ardhi ya marehemu. Baba amekufa, hati ingali ina jina lake, na mwana mkubwa ana shida ya karo au ya hospitali. Aja kwako na kusema, "Nikatie ekari moja, mirathi tutafanya baadaye." Usimpe hata shilingi ya arubuni. Sheria ya urithi yakataza ardhi ya marehemu kuuzwa kabla korti haijauthibitisha usimamizi wa mirathi, na anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini atenda kosa. Kwanza korti hupokea maombi, nayo hutangazwa katika Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi aseme. Kisha hutolewa barua ya usimamizi. Na kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya kuthibitishwa. Ndipo dada zake huyu kijana, hata walioolewa mbali, huhesabiwa pamoja naye. Najua mjane aliyekuta mnunuzi anapima mashimo ya msingi wa nyumba katikati ya mihogo yake. Mnunuzi yule hakuwa mwizi. Alikuwa ametoa akiba yake yote kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza, na wote wawili wakabaki kwenda kortini miaka.

Mke au mume wa muuzaji naye asisahauliwe. Nyumba ya ndoa haiuzwi pasipo idhini ya mwenziwe, na idhini hiyo ni ya maandishi.

Kwa shamba la kilimo yako tena mambo ya Bodi ya Ardhi. Maombi ya idhini yapelekwe kabla ya miezi sita kupita tangu mapatano, isipokuwa korti iongeze muda. Bodi isipokubali, mapatano ni bure. Utaweza kudai fedha zako kama deni, lakini shamba huna.

Na gharama? Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Shamba la shilingi 1,000,000 lina ushuru wa 20,000. Kiwanja cha mjini cha thamani hiyo hiyo, 40,000. Muuzaji naye hutozwa kodi ya faida, asilimia 15 tangu mwaka 2023. Kiweke kiasi hiki kando tangu mwanzo.

Limebaki la wakili. Watu hupenda kumtumia dalali, au karani mwenye mashine ya kuchapa karibu na afisi ya ardhi, kwa kuwa ni rahisi. Sheria humkataza asiye wakili kuandika hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Wakili wa kweli hupata cheti cha kazi kila mwaka, na Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha katika mtandao ambamo waweza kulitafuta jina lake uone kama cheti ni cha mwaka huu. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Uwe na wakili wako mwenyewe, si yule wa muuzaji; mtu mmoja akibishana kwa niaba ya pande mbili, mmoja atapunjwa. Ada zao zimewekewa kiwango cha chini kwa sheria, kwa hiyo anayejitangaza kuwa rahisi mno yafaa umwulize kwa nini. Mwambie akuandikie ada yake na gharama nyingine mbalimbali.

Fedha nazo zipite benki. Desturi ni kwamba sehemu ya kumi hutolewa kwanza na kushikwa na wakili wa muuzaji, na iliyobaki hulipwa hati na fomu za kuhamisha, zilizotiwa sahihi, zikiwa tayari. Au wakili wako huahidi kwa maandishi kwamba atalipa, na ahadi ya wakili kwa wakili korti huweza kumlazimisha aitimize. Kila risiti itie katika bahasha moja, na nakala yake umpe mke wako au mwana umwaminiye. Ukiona wakili wako mwenyewe amekaa na fedha zako pasipo maelezo, iko Tume ya Malalamiko juu ya Mawakili, nayo hupokea barua ya mtu yeyote. Lakini barua hiyo itakuwa na nguvu zaidi ikifuatana na risiti.