Kuwapokea Wanaorudi



Katika shangwe ya jubilei hii twawakumbuka wenzetu tuliobatizwa pamoja, ambao leo hawaonekani kanisani. Jambo hili si geni katika Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwaamuru watu wa dola ya Roma waitolee miungu sadaka. Huko Karthago Wakristu wengi wakaingiwa na hofu: wengine walitoa sadaka, wengine walinunua hati ya uwongo tu. Mateso yalipopoa wakabisha mlangoni. Wako waliodai kupokelewa mara moja. Naye Novatianus, padre wa Roma, akakataa wasirudishwe kamwe. Mtakatifu Sipriani na maaskofu wenziwe, walipokutana mwaka 251, hawakuzifuata njia hizo mbili. Kila mtu alipimwa kwa kosa lake, akapewa malipizi, wala mlango haukufungwa.

Basi sisi tufanyeje? Aliyeziacha sakramenti miaka kumi, mara nyingi anayemwogopa si Mungu. Anatuogopa sisi, macho yetu na minong'ono yetu. Twende kwake nyumbani, tuketi, tuzungumze habari za shamba na watoto, kisha tumwambie siku padre anapoungamisha. Tusimwulize dhambi zake: hizo ataziungama kwa padre, naye padre amefungwa na siri hata kufa. Ikiwa amesahau sala ya majuto, tumfundishe polepole. Na Jumapili atakapokuja, tumsogezee nafasi katika benchi letu, wala tusigeuke kumtazama.